Namna ya Kuchagua Mtaala wa Hisabati kwa Mtoto Anayesomea Nyumbani: Mwongozo Kamili

Wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani huniuliza swali moja kwa maneno yale yale: ni mtaala gani wa hisabati ulio bora? Wengi wao huuliza baada ya kununua wa pili au wa tatu, huku kabatini mkiwa na vitabu vilivyojazwa kurasa za mwanzo tu kisha vikaachwa. Nikiwauliza walichaguaje, karibu wote hueleza jambo moja. Walianza na kitabu kilichosifiwa, kisha wakamtafutia mtoto nafasi ndani yake. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha hapo: unaanza na mtoto, unafuata na mwalimu ambaye ni wewe mzazi, na kitabu kinakuja baada ya hao wawili kufahamika.

Neno mtaala hapa lina maana ya seti nzima utakayoitumia kufundishia: kitabu cha mwanafunzi, kitabu cha mazoezi, kiongozi cha mwalimu, majaribio na zana zinazoambatana navyo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari moja la kumbukumbu, ambalo ni lako na si la mtoto.
- Karatasi tupu, penseli na rula.
- Vitu vidogo vya kuhesabia visivyopungua 100, kama vijiti au vifungo, pamoja na kitu cha kufungia mafungu ya kumi kumi.
- Muhtasari rasmi wa somo la hisabati unaotumika mahali mtoto atakapofanyia mtihani au atakaporudi shuleni.
- Sampuli za sura kutoka mitaala mitatu, isizidi hapo. Wachapishaji wengi huruhusu kusoma kurasa kadhaa bila malipo.
- Majaribio ya upangaji ya mitaala hiyo mitatu. Haya ndiyo maswali ambayo mchapishaji huyatoa ili ujue mtoto aanzie kitabu kipi.
- Majuma matano hadi sita. Ukiwa na haraka kuliko hivyo, endelea kwa muda na kitabu ulicho nacho huku ukipitia hatua hizi.

## Hatua ya 1: Fahamu mtoto anakoelekea

Sheria za elimu ya nyumbani hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Ujerumani kwa kawaida hairuhusu elimu ya nyumbani kuchukua nafasi ya shule, ilhali nchini Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote, kila jimbo likiwa na masharti yake ya usajili, kumbukumbu na upimaji. Soma masharti yanayokuhusu kabla ya kutazama kitabu chochote, kwa sababu huenda yakakudai masomo au mitihani ambayo mtaala unaoupenda hauigusi.

Kisha jiulize mtoto atafanya mtihani gani, na lini. Kama anatarajiwa kurudi shuleni baada ya miaka miwili, mpangilio wa mada una uzito mkubwa. Kama atasomea nyumbani hadi mwisho wa sekondari, una uhuru zaidi wa kupanga, mradi mada zote ziwe zimekamilika kabla ya mtihani wa mwisho.

Usishangae ukiona mipangilio haifanani. Uingereza hutarajia mtoto awe amekariri jedwali la kuzidisha hadi 12 × 12 mwishoni mwa mwaka wa nne wa shule, akiwa na umri wa miaka 8 hadi 9. Mwongozo wa viwango unaofuatwa na majimbo mengi ya Marekani hutaka mazao ya namba zote za tarakimu moja yakaririwe mwishoni mwa darasa la tatu. Mtoto anaweza kuonekana amechelewa katika kitabu kimoja na ametangulia katika kingine, ilhali anajua kilekile. Kwa hiyo, mtu akikwambia kwamba mwanao yuko nyuma, muulize ni nyuma ya mpangilio upi.

Hatua hii imekamilika pale daftari lako linapokuwa na ukurasa mmoja wenye mambo matatu: masharti ya kisheria, mtihani unaolengwa, na orodha ya mada ambazo lazima ziwe zimekwisha ifikapo mwaka fulani.

## Hatua ya 2: Mpime mtoto kabla ya kupima kitabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami ndiyo ninayowasihi wazazi wasiiruke. Mtoto wa umri wa darasa la tano anaweza kuwa na uwezo wa darasa la sita katika vipimo na maumbo, huku katika kutoa namba akiwa bado amekwama palipomshinda darasa la pili. Ukimnunulia kitabu cha darasa la tano kwa kutazama umri, kitamchosha upande mmoja na kumkatisha tamaa upande wa pili, nawe utadhani kitabu ndicho kibaya.

Tenga siku mbili, dakika ishirini kila siku. Kaa ubavuni mwake, usikae mbele yake. Mweleze kwamba hakuna alama zitakazotolewa, na kwamba unataka kujua anavyofikiri ili umtafutie kitabu kinachomfaa. Kila anapomaliza swali, liwe amelipata au amelikosa, muulize: "Umefikaje hapo?" Andika maneno yake kama alivyoyasema. Usimsahihishe, usikunje uso, na usimpe kikokotoo.

Maswali yafuatayo ni ya mtoto wa takribani miaka 8 hadi 12. Nimeyachagua kwa sababu jibu lisilo sahihi hueleza mengi kuliko jibu sahihi. Anza na yaliyo rahisi, na uishie pale anapokwama maswali matatu mfululizo.

Thamani ya nafasi. Mwambie aandike kwa tarakimu elfu tano na saba. Akiandika 50007, anaandika anavyosikia, bado hajaelewa kwamba sifuri hushikilia nafasi. Mtoto huyu hayuko tayari kwa kutoa namba kubwa, hata kama anaonekana kuiweza.

Kutoa. Mpe 502 − 178. Jibu ni 324. Akipata 476, ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kwenye kila safu bila kujali ipi iko juu. Kosa hili ni la kawaida mno, na haliondoki kwa kumpa mazoezi mengi ya aina ileile. Huondoka anapofungua fungu la vijiti kumi kwa mikono yake na kuona makumi yakigeuka mamoja.

Alama ya sawasawa. Andika 8 + 4 = ☐ + 5. Watoto wengi hujaza 12, kwa sababu wamezoea kuona alama hiyo ikiwa na maana ya "andika jibu hapa". Jibu sahihi ni 7. Atakayekosa swali hili atateseka na aljebra baadaye, kwa kuwa aljebra yote imesimama juu ya wazo kwamba pande mbili za alama hiyo zina thamani moja.

Kugawanya. Mpe 4,218 ÷ 6. Jibu ni 703. Akipata 73, anafuata utaratibu wa mkono bila kukadiria. Muulize kama 73 mara 6 inakaribia elfu nne. Akishtuka mwenyewe, hali si mbaya. Asiposhtuka, andika kwamba anahitaji mtaala unaofundisha kukadiria.

Sehemu. Muulize ipi ni kubwa kati ya 1/3 na 1/4, kisha ajumlishe 1/2 na 1/3. Akipata 2/5, amejumlisha namba za juu pamoja na za chini pamoja. Zaidi ya kukosea, hajaona kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Kwake sehemu bado ni namba mbili zilizopangwa juu na chini, hajaziona kuwa kiasi kimoja.

Desimali. Ipi ni kubwa, 0.35 au 0.4? Anayesema 0.35 "kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 4" anasoma desimali kana kwamba ni namba nzima.

Hesabu ya mafumbo. Msomee: "Nina vitabu 12. Hivyo ni vitabu 5 zaidi ya alivyo navyo dada yangu. Dada ana vitabu vingapi?" Jibu ni 7. Anayejibu 17 amesikia neno "zaidi" akajumlisha. Mara nyingi ni mtoto aliyefundishwa kutafuta neno la kumwonyesha atende nini, badala ya kuisikiliza hadithi yenyewe.

Mwisho, muulize mazao kumi ya jedwali la kuzidisha kwa mdomo, kama 7 × 8 na 6 × 9. Tofautisha anayejibu papo hapo na anayehesabu kwa vidole. Wote wawili wanaweza kupata kumi kwa kumi, lakini wa pili atachoka mapema katika kila mada inayofuata, kwani akili yake inatumika kutafuta zao badala ya kulifikiria swali.

Ukimaliza, gawa ukurasa mmoja wa daftari katika safu tatu: anayoyajua na kuyaeleza, anayoyafanya bila kuweza kuyaeleza, na asiyoyajua. Safu ya katikati ndiyo muhimu zaidi. Yaliyomo humo huwadanganya wazazi, kwa kuwa majibu huonekana sahihi hadi siku swali litakapogeuzwa kidogo.

Kama mtoto anasoma mtaala kwa lugha asiyoimudu vizuri, rudia hesabu ya mafumbo kwa lugha ya nyumbani. Akiipata kwa lugha moja na kuikosa kwa nyingine, hana tatizo la hisabati, na usimrudishe nyuma kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 3: Jipime wewe utakayefundisha

Chukua karatasi na ueleze kwa maandishi, bila kutazama popote, kwa nini 3/4 ÷ 1/2 ni moja na nusu. Usiandike kwamba tunaigeuza ya pili na kuzidisha, kwani huo ni utaratibu tu. Maelezo ni kwamba tunauliza nusu ngapi zinaingia ndani ya robo tatu, nayo ni nusu moja nzima, kisha inabaki robo, ambayo ni nusu ya nusu.

Ukiweza kueleza hivyo kwa wepesi, mtaala wenye maelezo mafupi kwa mwalimu utakutosha. Usipoweza, hakuna aibu yoyote. Wengi wetu tulifundishwa utaratibu tukaachiwa hapo. Ila utahitaji mtaala ambao kiongozi chake cha mwalimu kinakuandalia somo hatua kwa hatua, mpaka maneno ya kumwambia mtoto na makosa ya kutarajia, au mtaala wenye video ambazo wewe na mtoto mtazitazama pamoja. Kununua kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyesomea hisabati, huku wewe mwenyewe ukijifunza upya kila usiku, ndicho chanzo cha mitaala mingi kutelekezwa kabla mwaka haujaisha.

Hesabu pia dakika zako kwa uaminifu. Mtaala unaomtaka mzazi akae na mtoto dakika 40 kila siku ni mzuri kwa mwenye mtoto mmoja. Mwenye watoto watatu wa viwango tofauti atahitaji saa mbili za hisabati pekee, kabla ya kusoma na kuandika. Katika hali hiyo, tafuta mtaala ambao mzazi hufundisha dakika kumi au kumi na tano, kisha mtoto akaendelea mwenyewe. Usijaribu kuwaweka watoto wa umri tofauti katika kitabu kimoja ili kuokoa muda. Historia na sayansi huvumilia mpango huo, lakini hisabati haivumilii.

## Hatua ya 4: Chagua aina ya mpangilio

Mitaala ya hisabati hutofautiana zaidi kwa namna inavyopanga mada kuliko kwa mada zenyewe. Ukilielewa jambo hili, utaweza kupunguza orodha yako kwa nusu.

### Mpangilio wa mzunguko

Hapa somo la kila siku huleta kipande kidogo kipya, na mazoezi huchanganya kipande hicho na mada za majuma yaliyopita. Mtaala wa Saxon wa Marekani ndio mfano unaojulikana sana. Faida yake ni kwamba mtoto hasahau, kwa kuwa hakuna mada inayotoweka. Tafiti za saikolojia ya kujifunza zimeonyesha mara nyingi kwamba mazoezi yaliyochanganywa na kutawanywa katika muda hudumu kichwani kuliko yaliyorundikwa siku moja, ingawa mtoto anapoyafanya huyaona magumu zaidi.

Mpangilio huu unamfaa mtoto anayesahau upesi, na pia yule anayechoshwa na kukaa mada moja mwezi mzima. Haumfai mtoto mwenye tundu kubwa la zamani, yaani mada ya nyuma ambayo hakuielewa, kwa sababu mada humpitia vipande vipande kabla hajapata muda wa kuliziba.

### Mpangilio wa umahiri

Hapa mada moja hufundishwa kwa kina hadi mtoto aimudu, ndipo inayofuata ianze. Katika mtaala wa Math-U-See, mathalani, kitabu cha Gamma hushughulikia kuzidisha, Delta kugawanya, Epsilon sehemu, na Zeta desimali. Mtoto aliyekuwa akichanganyikiwa hupata utulivu, na mzazi hujua wazi mtoto amefika wapi.

Udhaifu wake uko mara mbili. Kwanza, mtoto anaweza kusahau mada ya mwaka jana, kwa hiyo hakikisha kitabu kina kurasa za marudio, au ziandae mwenyewe: maswali matano ya zamani kila asubuhi yanatosha. Pili, ukiuacha mtaala wa namna hii katikati, mtoto ataonekana ana matundu makubwa. Aliyemaliza kitabu cha kuzidisha huenda hajakutana na sehemu kwa kina, ilhali wenzake wa shule wameshazianza. Kama kuna uwezekano wa kurudi shuleni ghafla, lipe jambo hili uzito.

### Kutoka kitu hadi alama

Kuna swali jingine linalokata katikati ya aina hizo mbili: je, mtaala unaanza na kitu cha kushika, ukaenda kwenye mchoro, ndipo ukafika kwenye alama? Vitabu vya Singapore vinajulikana kwa njia hii, hasa kwa michoro ya vipande vya mistari inayotumika kufumbua hesabu za mafumbo. Chukua fumbo hili: watoto wawili wana shanga 48, na mmoja ana mara tatu ya mwenzake. Mtoto huchora kipande kimoja kwa wa kwanza na vitatu vinavyolingana nacho kwa wa pili. Vipande ni vinne, 48 ikigawanywa kwa 4 ni 12, basi mmoja ana 12 na mwingine 36. Mtoto wa miaka tisa ametatua jambo ambalo wengine hulisubiri hadi aljebra.

Wanafunzi wa Singapore waliongoza katika hisabati ya darasa la nne kwenye tathmini ya kimataifa ya TIMSS ya mwaka 2019 na ya mwaka 2023, na wazazi wengi hununua vitabu hivyo kwa sababu hiyo. Nawatahadharisha hapa. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya walimu waliofunzwa njia hiyo, na kitabu cha mwanafunzi peke yake kina maelezo machache sana. Ukikinunua bila kiongozi cha mwalimu, umenunua nusu ya mtaala, tena ile nusu ambayo haifundishi.

Rudi sasa kwenye safu zako tatu za Hatua ya 2. Safu ya katikati ikiwa ndefu, tafuta mtaala unaoanza na vitu na michoro, kwa sababu mtoto ana utaratibu bila maana. Safu ya mwisho ikiwa na mada moja au mbili kubwa, mpangilio wa umahiri utazishughulikia vizuri. Safu ya kwanza ikiwa ndefu lakini mtoto anasahau, chagua mzunguko.

## Hatua ya 5: Soma kurasa tatu zinazosema kweli

Jalada na sura ya kwanza hupambwa. Usihukumu kwa hizo. Katika kila sampuli, tafuta mahali patatu.

Ukurasa unaoanzisha sehemu. Je, sehemu zinaonyeshwa kwa duara lililokatwa tu, au zimewekwa pia kwenye mstari wa namba? Mtoto aliyeona vipande vya duara pekee hushindwa kuelewa 7/4, kwa kuwa haoni vipi unachukua vipande saba katika kitu chenye vinne. Kwenye mstari wa namba, 7/4 ina mahali pake kati ya 1 na 2, na mjadala umekwisha.

Ukurasa wa hesabu za mafumbo. Kama mafumbo yote katika sura ya kuzidisha yanatatuliwa kwa kuzidisha, mtoto atajifunza kuchukua namba mbili na kuzizidisha bila kusoma. Mafumbo mazuri huchanganya, mengine huhitaji hatua mbili, na machache huwa na namba isiyohitajika. Ninaupa ukurasa huu uzito kuliko mwingine wowote.

Majibu. Fanya mwenyewe maswali kumi na ulinganishe na majibu ya kitabu. Kosa moja la uchapaji linasameheka. Yakiwa matatu, kiweke kando, kwa maana utakuwa ukimwambia mtoto amekosea wakati amepata.

Tazama pia mambo madogo yanayokwaza baadaye. Mitaala ya Marekani huingiza inchi, futi na pauni pamoja na sarafu za huko, ilhali mtihani wa mtoto unaweza kutumia mita na kilogramu pekee. Baadhi ya nchi hutumia mkato mahali pa nukta ya desimali, na uandishi wa kugawanya kwa njia ndefu haufanani kila mahali. Haya hayatoshi kuukataa mtaala mzuri, ila yaandike ili uyafundishe kwa makusudi.

## Hatua ya 6: Jumlisha gharama yote

Bei ya kitabu cha mwanafunzi si bei ya mtaala. Ongeza kiongozi cha mwalimu, vitabu vya mazoezi, majaribio, zana na usafirishaji. Angalia kama kitabu cha mazoezi hujazwa na kwisha, kwani mdogo wake atahitaji kingine. Mitaala ya mtandaoni hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na mara nyingi kwa kila mtoto, kwa hiyo piga hesabu ya miaka mitatu.

Kama fedha ni chache, kuna njia. Khan Academy, tovuti ya kujifunzia, ni ya bure na ina masomo na mazoezi kuanzia elimu ya awali hadi kalkulasi. Mtoto akiitumia, asifanye kazi zake zote kwenye skrini. Afanye maswali kwenye daftari akionyesha njia, kwa sababu programu huona jibu la mwisho tu, ilhali kosa limejificha katika mstari wa pili wa kazi yake.

## Hatua ya 7: Jaribu majuma mawili kabla ya kununua

Baki sasa na mitaala miwili. Mpe mtoto jaribio la upangaji la kila mmoja, tena bila kumsaidia. Usiamini namba iliyo kwenye jalada, kwani si lazima iwe namba ya darasa. Katika vitabu vya Saxon, kile kinachoitwa 5/4 kimekusudiwa mwanafunzi wa kawaida wa darasa la tano au mwepesi wa darasa la nne. Jaribio likimweka chini ya umri wake, mweke hapo. Mtoto aliyeanza chini kidogo akafaulu hupanda haraka, na aliyewekwa juu kwa ajili ya heshima ya mzazi hushuka polepole kwa machozi.

Juma la kwanza fundisha sampuli ya mtaala mmoja, juma la pili wa pili. Chagua sura ambayo mtoto anaijua nusu, ili kuwe na jipya. Kila siku andika mambo matatu: dakika alizotumia, maswali aliyopata kwa jaribio la kwanza, na anachokumbuka kesho yake unapompa maswali matatu bila kitabu.

Kwa kipimo changu, akipata maswali saba hadi tisa katika kumi, kiwango kinamfaa. Akipata kumi kila siku bila kufikiri, ni chepesi. Akishuka chini ya sita siku tatu mfululizo, ni kizito, au maelezo hayamfikii.

Muulize pia maoni yake, lakini usimwachie uamuzi. Watoto huvutiwa na rangi na michezo katika siku tano za kwanza. Jibu la swali la kesho yake ndilo litakaloamua: mtaala ambao mtoto anaukumbuka asubuhi inayofuata ndio unaomfundisha, hata kama ule mwingine ulimchekesha.

## Hatua ya 8: Nunua, anza, na usibadilishe kwa majuma kumi na mawili

Nunua kiwango kimoja tu, usinunue vya miaka mitatu ijayo kwa ajili ya punguzo. Kisha jiwekee nadhiri ya majuma kumi na mawili. Majuma matatu ya mwanzo huwa na usumbufu hata kwa mtaala unaofaa kabisa, kwa kuwa mtoto anajifunza lugha mpya ya kitabu pamoja na hisabati yenyewe.

Machozi yakitokea, yachunguze kabla ya kukilaumu kitabu. Kama yanatokea kwenye mada moja tu, kuna tundu chini ya mada hiyo. Simamisha kitabu siku nne au tano, toa vijiti, ziba tundu, kisha rudi ukurasa uleule. Kama yanatokea kila siku baada ya dakika ya ishirini na tano, somo ni refu. Ligawe asubuhi na jioni, au mpe maswali ya namba shufwa pekee na ubakize ya witiri kwa marudio. Kama yanatokea kabla hata kitabu hakijafunguliwa, huenda mtoto anaogopa sauti yako kuliko namba. Hapo mtaala mpya hautasaidia kitu, na ni wewe utakayebadilika kwanza.

Sababu za haki za kubadilisha ni chache. Kwanza, baada ya majuma kumi na mawili mtoto hawezi kueleza kwa maneno yake alichojifunza, ingawa umemfundisha kama kiongozi kinavyoelekeza. Pili, mtaala unakudai muda ambao kwa hakika huna. Tatu, mtihani unaolengwa umebadilika. Kusikia kwamba jirani ametumia mtaala mwingine kwa mafanikio hakumo katika orodha hii.

Ikibidi kubadilisha, maliza kwanza sura mliyomo, usikate katikati. Weka mezani, kando kwa kando, orodha ya yaliyomo ya mtaala wa zamani na ya ule mpya, kisha weka alama mbele ya kila mada ya mpya ambayo mtoto ameshaisoma, na duara mbele ya ile ambayo mtaala mpya unachukulia kuwa anaijua ilhali hajaifikia. Zenye duara zifundishe kabla ya kufungua sura ya kwanza, hata kama zitachukua mwezi mzima. Zenye alama usiziruke zote. Mpe mtoto jaribio la mwisho wa sura la kila moja, na asome upya zile tu atakazopata chini ya nane katika kumi.